Hesabu ya Sahani: Kupunguza Kitambi na Kujenga Misuli kwa Chakula cha Mtaani

Jioni kando ya barabara inayopita Ayany na Olympic, au kuzunguka steji ya Kawangware, chakula kiko kila mahali. Mmoja anakaanga viazi, mwingine anageuza chapati, wa tatu anauza mayai pasua na smokie, na mama mboga anakatakata sukuma wiki. Wanaopita hapo wametoka kazini wakiwa na njaa, na kila mmoja ana lake moyoni. Kuna aliyeambiwa kliniki apunguze uzito kwa sababu shinikizo la damu limepanda. Kuna kijana wa mjengo anayeinua vyuma kila jioni lakini mwili haujai. Kuna dada anayetaka nguo zake za zamani zimtoshe tena. Wote wana swali moja: nile nini, na kiasi gani?

Jibu la swali hilo linaanzia kwenye kalori. Makala haya yanaeleza kalori ni nini, jinsi ya kuzikadiria bila mzani wa jikoni wala programu ya simu, na jinsi ya kuzitumia kufikia lengo lako kwa vyakula vilevile unavyonunua kila siku.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Wengi bado wanaamini kwamba unene ni tatizo la matajiri. Takwimu za Kenya zinasema vingine. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2008-09 uligundua kwamba robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito kupita kiasi. Utafiti kama huo ulipofanywa tena 2014, idadi ilikuwa imepanda hadi mmoja kati ya kila watatu.

Mitaa ya mabanda haikusalimika. Utafiti uliofanywa 2008 na 2009 katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, hapa Nairobi, ulikuta kwamba zaidi ya wanawake wanne kati ya kila kumi walikuwa na uzito kupita kiasi. Kwa wanaume, walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Wengi hawakujiona kuwa wanene.

Sababu si uvivu wala uroho. Ukiwa na pesa kidogo, vyakula vinavyoshibisha haraka ni unga, mafuta na sukari, na hivyo ndivyo vyenye kalori nyingi kwa kila shilingi. Nyama, maziwa, matunda na mboga hugharimu zaidi. Ndiyo maana katika nyumba moja unaweza kumkuta mama mwenye kitambi na kisukari, na mtoto aliyedumaa kwa kukosa protini na vitamini.

Kwa hiyo tuseme jambo moja mapema. Makala haya hayamwambii mwenye njaa ale kidogo. Kama chakula nyumbani hakitoshi, shida yako ni nyingine, na msaada wake ni mwingine. Haya ni kwa yule ambaye sahani yake imejaa, lakini kilichojaa humo hakimfikishi anakotaka.

Kalori ni nini

Kalori ni kipimo cha nishati, kama vile lita ilivyo kipimo cha maji. Kalori moja ya chakula ni joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi. Kwenye pakiti za vyakula huandikwa kcal. Ukiona kJ, gawa kwa 4.2 upate kalori.

Nishati katika chakula hutoka sehemu chache tu:

- Gramu moja ya wanga, kama unga, mchele, viazi au sukari, ina kalori 4.
- Gramu moja ya protini, kama ile ya mayai, maharagwe, nyama au omena, ina kalori 4.
- Gramu moja ya mafuta ina kalori 9.
- Gramu moja ya kileo ina kalori 7.

Angalia mstari wa tatu. Mafuta yana zaidi ya mara mbili ya nishati iliyo kwenye wanga. Hapo ndipo hesabu ya watu wengi huharibikia. Wanapunguza ugali na kuacha mafuta yakielea kwenye sufuria ya mboga.

Mwili hutumia nishati hiyo saa zote, hata ukiwa umelala, kwa kupumua, kusukuma damu na kutunza joto. Juu yake huongezeka nishati ya kutembea, kufua, kubeba na kuinua. Ukila zaidi ya unavyotumia, ziada huwekwa akiba, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ni mafuta. Ukila pungufu, mwili hutoa akiba. Kilo moja ya mafuta mwilini ni akiba ya karibu kalori 7,700.

Hakuna chakula kinachonenepesha peke yake, na hakuna kinachoyeyusha mafuta peke yake. Ndimu kwenye maji moto haiyeyushi kitambi. Ugali pia haujamfanyia mtu ubaya kwa kuwa ugali tu.

Tuna ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kuhusu chakula cha wanariadha kumi bora wa mbio ndefu wa Kenya. Walikuwa wakila wastani wa karibu kalori 3,000 kwa siku. Zaidi ya robo tatu ya nishati hiyo ilikuwa wanga, na karibu robo ya nishati yote ilitoka kwenye ugali. Hawakuwa na vitambi kwa sababu walikuwa wakikimbia na kuzitumia zote. Mtu anayekaa kwenye kiti cha duka kutwa nzima akila kama wao, ziada itabaki kiunoni.

Kalori zilizo jikoni mwako

Tarakimu zifuatazo ni makadirio, kwa sababu chapati ya kibanda kimoja si sawa na ya kingine. Atakaye kwenda ndani zaidi, serikali ya Kenya kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ilitoa mwaka 2018 majedwali ya virutubishi vya vyakula vya humu nchini. Kwa matumizi ya kila siku, haya yanatosha:

- Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia: 120
- Kijiko cha chai cha sukari: 20
- Soda ya mililita 300: karibu 125
- Mandazi moja la wastani: karibu 200
- Chapati moja nene iliyopakwa mafuta: 300 hadi 380
- Sahani ya chipsi: 700 hadi 900
- Ugali uliotokana na gramu 150 za unga: karibu 540
- Sahani ya maharagwe yaliyotokana na gramu 100 za maharagwe makavu: karibu 330, kabla ya mafuta ya kukaangia
- Yai moja la kuchemsha: 75
- Nusu lita ya maziwa: karibu 310
- Konzi ya njugu, gramu 30: karibu 170
- Ndizi mbivu moja: karibu 100
- Sukuma wiki au kabeji, gramu 100, bila mafuta: chini ya 50
- Bia ya nusu lita: karibu 200

Ukitazama orodha hii utaona kwamba mboga zenyewe karibu hazina kalori, lakini vijiko viwili vikubwa vya mafuta huongeza 240. Viazi vya kuchemsha ni chakula kizuri. Vikizamishwa kwenye karai la mafuta, nishati yake hupanda maradufu na zaidi.

Pima kwa pakiti

Wengi wetu hatuna mzani wa jikoni, na mama akipikia watu watano hawezi kupima kila kijiko. Kuna njia rahisi zaidi. Pima kwa kuangalia kitu kinaisha baada ya siku ngapi.

Pakiti ya unga wa kilo mbili ina karibu kalori 7,000. Kilo moja ya sukari ina karibu 4,000. Lita moja ya mafuta ina zaidi ya 8,000, na robo lita, hata ile unayopimiwa dukani kwenye chupa yako, ina karibu 2,000.

Sasa chukua nyumba ya watu watano inayomaliza nusu lita ya mafuta na kilo moja ya sukari kwa wiki. Watu watano kwa siku saba ni migao 35. Mafuta yanampa kila mtu karibu kalori 118 kwa siku, na sukari karibu 114. Hiyo si hali mbaya. Nyumba kama hiyo ikimaliza lita mbili za mafuta na kilo tatu za sukari kwa wiki, kila mtu anapata zaidi ya kalori 800 kwa siku kutoka kwa mafuta na sukari pekee, kabla ya kugusa ugali.

Kwa sukari kuna kipimo cha kulinganisha. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayetumia kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, sawa na vijiko kumi vya chai. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vinakaribia kumaliza kiwango hicho. Ukiongeza soda moja umeshavuka.

Andika tarehe kwenye pakiti kwa kalamu unapoifungua. Baada ya wiki mbili utajua nyumba yako inakula nini kuliko programu yoyote ya simu.

Unahitaji kalori ngapi

Hesabu inayotumiwa sana na wataalamu wa lishe huanza na nishati ya mwili uliopumzika. Zidisha uzito wako wa kilo kwa 10. Zidisha urefu wako wa sentimita kwa 6.25. Jumlisha hizo mbili, kisha toa umri wako uliozidishwa kwa 5. Mwanamume aongeze 5. Mwanamke atoe 161.

Jibu utakalopata lizidishe kwa kazi unayofanya: 1.4 kama unakaa sana, 1.6 kama unatembea na kusimama sana, 1.8 kama kazi yako ni nzito kama mjengo au kusukuma mkokoteni.

Tuchukue mifano miwili.

Mfano wa kwanza: mama anayeuza nguo na lengo la kupungua

Tuseme ana miaka 38, urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 80. Anauza mitumba na hukaa kwenye kibanda kutwa. Hesabu yake ni 800 jumlisha 1,000, toa 190, toa 161, na jibu ni 1,449. Akizidisha kwa 1.4 anapata karibu 2,000. Akila kalori 2,000 kwa siku, uzito wake hautasonga. Ili apungue, anahitaji pengo la kalori 300 hadi 500 kila siku.

Pengo hilo halidai kulala njaa. Anaweza kufanya mambo matatu. Kwenye vikombe vyake vitatu vya chai ashuke kutoka vijiko vitatu vya sukari hadi kimoja: anaokoa 120. Asubuhi ale mandazi moja badala ya mawili: anaokoa 200. Mafuta ya mboga yapunguzwe ili mgao wake ushuke kwa kijiko kikubwa kimoja: anaokoa 120. Jumla ni 440, na ugali haujaguswa. Tena amebakiwa na pesa kidogo mfukoni, zinazoweza kununua yai au maziwa.

Pengo la kalori 400 kwa siku huchukua karibu wiki 11 kupunguza kilo nne. Inaonekana polepole, lakini kilo nne kwa mtu wa kilo 80 ni asilimia 5 ya uzito wake, na kiwango hicho tu kinatosha kuanza kushusha shinikizo la damu na sukari mwilini. Kadiri mwili unavyopungua, nao hutumia nishati kidogo zaidi, kwa hiyo mwendo hupungua kasi. Hapo wengi hukata tamaa wakidhani mbinu imeshindwa. Haijashindwa. Fanya hesabu upya kwa uzito mpya.

Mama huyu asishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku bila kusimamiwa na mhudumu wa afya. Anayejinyima kupita kiasi hupoteza misuli pamoja na mafuta, hukosa madini ya chuma na vitamini, na mara nyingi hurudi kula kwa pupa.

Mfano wa pili: kijana wa mjengo na lengo la kujaza mwili

Tuseme ana miaka 24, urefu wa sentimita 172 na uzito wa kilo 58. Hesabu yake ni 580 jumlisha 1,075, toa 120, ongeza 5, na jibu ni 1,540. Kazi yake ni nzito, kwa hiyo akizidisha kwa 1.8 anapata karibu 2,800. Hapa ndipo tatizo lake lilipo. Kijana akinywa chai kavu asubuhi, akala chapati mbili na ndengu mchana na ugali usiku, huenda hafiki hata 2,000. Anainua vyuma juu ya njaa. Mwili hauwezi kujenga nyumba bila mawe.

Anahitaji kalori 300 hadi 400 juu ya matumizi yake, yaani karibu 3,100 hadi 3,200 kwa siku, na anahitaji protini. Mtu anayefanya mazoezi ya nguvu hufaidika na gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 58, kiwango cha juu ni karibu gramu 93. Hizo hazitaki unga wa kopo la bei ghali. Mayai mawili yana gramu 12. Nusu lita ya maziwa ina 16. Maharagwe au ndengu zilizotokana na gramu 100 kavu zina karibu 21. Gramu 30 za omena kavu zina karibu 16, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa omena kavu ni protini. Konzi ya njugu ina karibu 8. Ugali wa siku nzima, wa gramu 250 za unga, unaongeza karibu 20. Jumla ni 93.

Githeri, maharagwe kwa chapati na ndengu kwa wali ni michanganyiko mizuri kwa sababu nafaka na kunde hukamilishana, kila moja ikitoa sehemu ya protini ambayo mwenzake ana upungufu wake. Mgongo wazi, matumbo, maini na shingo za kuku nazo ni protini halali ya mwenye mfuko mwepesi. Angalia tu mafuta yaliyotumika kuzikaanga.

Kijana huyu atarajie kuongezeka karibu kilo moja kwa mwezi. Ikiwa anaongezeka kilo tatu au nne kwa mwezi, sehemu kubwa ni mafuta.

Mazoezi yanafanya kazi gani

Wengi hudhani mazoezi ndiyo yanayoteketeza kitambi. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi saa nzima hutumia karibu kalori 250. Chapati moja yenye mafuta inazirudisha zote, na zaidi. Kwa kupunguza uzito, sahani ina nguvu kuliko miguu.

Hata hivyo usiache kutembea. Mazoezi hulinda moyo, hushusha sukari kwenye damu, huleta usingizi na hukusaidia kutorudisha uzito uliopungua. WHO inashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Anayetembea kwa mguu kutoka Kibera hadi kazini Industrial Area na kurudi ameshavuka kiwango hicho cha kutembea bila kulipia jimu. Anachobakiza ni mazoezi ya misuli.

Misuli hujengwa kwa kuinua uzito unaokuchosha, kisha kula na kupumzika. Pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na kujivuta kwenye bomba imara vinatosha kuanzia. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji ni kilo 20. Ongeza marudio au uzito kidogo kidogo kila wiki. Kwa anayepunguza mwili, mazoezi haya ni ya lazima zaidi, kwa sababu ndiyo yanayouambia mwili utoe mafuta na kubakiza misuli.

Mazoezi ya tumbo hayatoi mafuta ya tumbo peke yake. Mwili huchagua wenyewe mahali pa kutoa akiba. Mkanda wa kutoa jasho hutoa maji tu, na ukinywa maji uzito unarudi.

Pima maendeleo kwa njia mbili

Mzani husema uzito wote, bila kutenganisha mafuta, misuli na maji. Uzito unaweza kupanda au kushuka kwa kilo moja au mbili kwa siku moja kwa sababu ya chumvi, maji au hedhi. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, na utazame mwelekeo wa mwezi mzima.

Kipimo cha pili ni tepe ya fundi cherehani. Zungusha kiunoni, katikati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda. Ikiwa mzani haujasonga lakini tepe imepungua, umepoteza mafuta na kupata misuli. Endelea.

Kuna pia kipimo cha BMI: gawa uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chini ya 18.5 ni uzito mdogo. Kuanzia 25 ni uzito kupita kiasi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Mama wa mfano wetu ana 31.25. Kijana ana 19.6.

Jihadhari na njia za mkato

Kuna biashara kubwa inayoishi kwa haraka zetu. Baadhi ya chai za kupunguza tumbo ni dawa za kuharisha. Zinatoa maji na chumvi za mwili, na mafuta yanabaki palepale. Upande wa pili kuna vidonge vya kunenepesha na kujaza makalio, vinavyouzwa bila jina wala pakiti. Dawa kama deksamethasoni, ambayo daktari huitoa kwa maradhi maalumu, hutumiwa vibaya kwa njia hii. Huvimbisha uso na mwili kwa maji, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea kunaweza kuhatarisha maisha. Vijana wa jimu nao huuziwa sindano za homoni zinazoharibu ini, moyo na uzazi.

Dawa isiyo na jina, isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi, au inayouzwa nje ya duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, usiinywe. Kama umeshaizoea, usiiache kimyakimya. Mwone mhudumu wa afya na umweleze ukweli.

Wasiopaswa kupunguza chakula bila ushauri

Mama mjamzito hapaswi kujinyima. Anayenyonyesha anahitaji kalori mia kadhaa zaidi kwa siku, na uzito wake utashuka taratibu. Watoto na vijana wanaokua wapunguziwe soda, chipsi na peremende, lakini wasihesabiwe kalori. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari akipunguza chakula ghafla, sukari inaweza kushuka hadi azimie, kwa hiyo dawa na chakula vipangwe pamoja na daktari. Mgonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuuliza.

Na ikiwa unakonda bila kutaka, usifurahie. Kukonda pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au jasho jingi usiku, ni dalili za kifua kikuu. Nenda ukapimwe. Matibabu ya kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma. Kukonda pamoja na kiu kali na kukojoa mara kwa mara kunaweza kuwa kisukari.

Pa kuanzia

Anza na mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako. Mwaka 2023 wahudumu hawa kote nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa kama mzani na vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Kwa ushauri zaidi, Hospitali ya Mbagathi iko karibu na wakaazi wa Ayany na Kibera, na Kituo cha Afya cha Riruta kiko karibu na wakaazi wa Kawangware. Uliza mtaalamu wa lishe.

Wiki hii fanya mambo manne tu. Andika tarehe kwenye pakiti ya unga, sukari na chupa ya mafuta. Pima kiuno chako na uandike. Hesabu vijiko vya sukari unavyotia kwenye chai kwa siku moja. Kisha chagua badiliko moja ambalo nyumba yako inaweza kulishika hata mwezi wenye dhiki. Badiliko dogo linalodumu mwaka mzima lina faida kuliko mfungo mkali wa siku kumi.